Gari la Kushuka Ngazi

"Kila kidato, mama watoto. Usiruke hata kimoja."

"Vyote hamsini na vinne?"

"Vyote. Kimo chake, na upana wa pale unapokanyaga. Ukiniletea vipimo vya kubahatisha, nitaunda gari la kubahatisha."

Bi Pasi akachukua tepu ya kupimia, daftari na kalamu, akatoka. Ilikuwa Jumapili asubuhi, siku yake moja tu ya wiki ya kukaa pekupeku, na hii hapa ilikuwa inaanza kwa kuinama. Siku nyingine sita alipiga pasi mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, na huko hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Bi Pasi, na jina lile likapanda naye ngazi mpaka nyumbani. Mumewe naye alikuwa na lake. Miaka ishirini na miwili aliunda chesisi za mabasi kwenye gereji, na kwa kuwa siku moja alikatalia basi zima lisitoke kwa sababu ekseli yake imepishana milimita tatu, wenzake wakamwita Milimita. Walidhani wanamkebehi. Yeye alilipokea kama cheo.

Sasa cheo chake kilikuwa na miezi kumi na mitatu ndani ya chumba na ukumbi, ghorofa ya tatu, jengo lisilo na lifti. Chesisi iliteleza kwenye jeki ikamvunja nyonga. Kwa magongo mawili aliweza kutoka kitandani hadi mezani, na mezani hadi chooni, hapo safari ikaisha. Ngazi hakuziweza. Mara ya mwisho kwenda hospitali walimbeba wanaume wanne kwenye kiti cha plastiki, na walipofika ghorofa ya kwanza mmoja wao, jasho likimtiririka, akasema, "Jamani, mzee huyu angekuwa sofa tungemfungua miguu kwanza." Watu wakacheka. Milimita naye akacheka. Waliporudi akamwambia mkewe kwamba hatabebwa tena na mtu, labda siku akifa, maana siku hiyo hatasikia maneno yao. Bi Pasi alimjua mumewe. Akisema, amesema.

Ndipo likaja wazo la gari. Gari la rimoti, la matairi sita, lenye simu iliyofungwa mbele, litakaloshuka ngazi zote hadi getini na kutoka barabarani, naye aione dunia akiwa ameketi mezani. Magari ya dukani aliyacheka. "Hayo ni ya kutambaa kwenye vigae," alisema. Chesisi lazima aiunde mwenyewe, kwa vipimo vya ngazi zenyewe. Alumini aliipata kwenye fremu za madirisha ya zamani, mota kwenye drili mbili chakavu alizoletewa kutoka gereji, na matairi kwenye kigari cha mtoto ambacho mjukuu wao hakukihitaji tena.

Mezani wakawa hawali tena. Walikula wamepakata sahani, kwa sababu meza ilikuwa na jiliwa la kubania vyuma, misumeno na tupa. Vumbi la alumini liliingia kila mahali, kitandani, kwenye chai, kwenye mikunjo ya sare ya Bi Pasi. Juma lililopita msimamizi wake alikuta kipande cha chuma, chembamba kama ukucha, kwenye shuka la mgonjwa. Akamsimamisha Bi Pasi katikati ya chumba, akamwambia akung'ute gauni lake mbele ya wenzake wote. Akakung'uta. Mtu mzima wa miaka hamsini na moja alikung'uta gauni kama mtoto aliyechezea mchanga, na nyumbani hakusema kitu.

Angesema saa ngapi? Ukweli ni kwamba Bi Pasi alikuwa na mahali pake pa kuyaacha mambo kama hayo. Kati ya ghorofa ya kwanza na chini, pale ngazi zinapokunja kona, palikuwa na kidirisha chenye wavu na sakafu pana kidogo. Kila jioni, kabla hajapanda, alikaa pale dakika ishirini. Halii, haombi, hapigi hesabu. Anavua viatu, anaegemeza kichwa ukutani, basi. Kazini walimtaka mikono na nyumbani walimtaka mikono. Pale kwenye kona hakuna aliyemtaka chochote. Tusije tukaelewana vibaya: alimpenda mumewe. Lakini mtu anaweza kumpenda mtu na bado akahitaji dakika ishirini.

Akiulizwa mbona amechelewa, alisema foleni. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya siri hii ilikuwa Msusi wa ghorofa ya kwanza, aliyesuka watu nywele mlango wazi na kuona kila apitaye. Msusi hakuwahi kuuliza.

Basi Jumapili ile Bi Pasi akashuka akipima. Kidato cha kwanza, sentimita kumi na saba. Cha pili, kumi na saba. Aliandika kila kimoja kama alivyoagizwa, mpaka vidato thelathini na sita vikaisha akawa mlangoni kwa Msusi. Akaweka tepu kwenye kidato kilichofuata. Ishirini na mbili. Akapima upya. Ishirini na mbili. Aliyejenga lile jengo alikuwa na mkono mmoja kwa huku na mwingine kwa kule, maana vidato vyote kumi na vinane vya chini vilikuwa hivyohivyo. Magoti yake yalikuwa yameshamwambia siku nyingi, ila hakuwahi kuyaandika.

Akafika kwenye kona yake, akakaa, daftari mapajani. Hapo ndipo lilipomjia. Gari hili litapita hapa. Litapita na jicho, tena jioni, kwa sababu Milimita alisema jioni ndiyo barabara inakuwa na watu. Litakunja kona na kumkuta mkewe ameketi na miguu mitupu, na juu, mezani, mtu atauliza: mama watoto, kumbe foleni ndiyo hii?

Wapo watakaosema mkono wake uliandika wenyewe. Mkono hauandiki wenyewe. Bi Pasi aliandika kumi na saba mara kumi na nane, kwa hati nzuri, akapanda juu.

"Vyote sawa?" akauliza Milimita.

"Vyote sawa."

"Afadhali. Fundi aliyejenga alikuwa mtu na heshima zake."

Wiki tatu zile Milimita alikuwa mtu mwingine. Alinyoa ndevu. Alipiga mluzi. Alikata alumini kwa msumeno wa mkono, akalainisha kingo kwa tupa mpaka ukipitisha kidole huhisi kitu, akatoboa matundu ya boliti kwa mpangilio ambao hata wa gereji wangeuonea wivu. Chesisi aliifanya vipande viwili, akaviunga katikati kwa bawaba, ili pua ishuke wakati mkia bado umeshika kidato cha juu. Bi Pasi alirudi jioni, akapewa tochi ashike.

"Unaona hapa?" Milimita alisema, akionyesha kwa penseli. "Umbali huu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma nimeutoa kwenye kimo cha kidato. Kidato kikizidi hata sentimita tatu tu, pua inazama, mkia unaruka, gari linapiga kichwa. Ndiyo maana nilikuambia usibahatishe."

"Sentimita tatu tu?"

"Tatu tu. Mbona unamulika ukuta? Shika tochi."

"Nimechoka, baba."

"Pole. Dakika mbili." Dakika mbili za fundi kila mtu anazijua.

Habari ya gari ilifika mbali kuliko gari lenyewe. Mwalimu wa chuo cha ufundi alisikia kwa vijana wa gereji, akapiga simu. Alitaka mtu wa kuwaundia wanafunzi wake chesisi kumi na mbili za magari ya mashindano, kazi ya kufanyia nyumbani, na kama ya kwanza itampendeza, basi kila muhula. Angekuja Jumamosi ya wiki inayofuata kuliona likishuka. Milimita alipokata simu akamwomba mkewe maji ya kunywa, ingawa maji yalikuwa mbele yake.

"Kasema kazi," akasema. "Hakusema msaada. Umesikia? Kasema kazi."

"Nimesikia, baba watoto," akasema Bi Pasi. Angeweza kusema pale pale. Vipimo vya chini nilikosea. Maneno manne. Akaenda kuosha vyombo.

Jaribio likawa Jumapili mchana. Milimita alikaa mezani, rimoti mikononi na simu yake imeegemezwa kwenye jiliwa. Simu nyingine, ya zamani ya binti yao, ilikuwa imefungwa kwenye pua ya gari. Bi Pasi aliambiwa ashuke sambamba nalo lakini asiliguse.

Lilishuka! Lazima tuseme haki, lilishuka kwa adabu zake. Pua ikainama, bawaba ikakunja, matairi ya kati yakashika, mkia ukafuata. Kidato baada ya kidato, bila haraka, na sauti ya Milimita ikitoka kwenye simu ikijaa ngazi nzima.

"Naona ukuta! Naona mlango wa ghorofa ya pili! Nani kaupaka rangi ile mbaya?"

"Wenye mlango wanakusikia, baba."

"Wasikie! Miezi kumi na mitatu sijamsema mtu rangi ya mlango wake."

Bi Pasi akacheka, akasahau, na kwa ngazi moja nzima alikuwa na furaha kama yake. Kisha wakafika ghorofa ya kwanza. Msusi alitoka na chanuo mkononi, mteja wake nyuma yake na nywele nusu. Gari likasogea ukingoni. Kidato cha kwanza likakishika kwa taabu, likasita. Cha pili pua ikazama, mkia ukaruka, na gari likapinduka likashuka likibiringika hadi kwenye kona.

"Mama watoto," sauti ikasema kutoka sakafuni. "Naona dari. Mbona naona dari?"

Msusi ndiye aliyeinama kwenye simu. "Limelala chali, fundi," akasema kwa upole ambao si wake.

Siku ile walijaribu mara nne. Milimita alirudisha betri nyuma zaidi, likapinduka. Akafunga uzito mkiani, likapinduka. Kila mara Bi Pasi alilipandisha mikononi, vidato hamsini kasoro, na kila mara mumewe alilipokea bila kumtazama usoni. Mwisho akalaza chesisi mezani na kuipima yote upya kwa rula ya chuma, tundu kwa tundu, huku midomo ikihesabu. Ilichukua saa nzima. Hakupata kosa.

"Chesisi iko sawa na vipimo," akasema. "Vipimo viko sawa. Una hakika vilikuwa sawa?"

Alimtazama. Mlango wa kukiri ulikuwa umefunguliwa mbele yake.

"Nina hakika," akasema Bi Pasi.

"Basi ni mimi." Akaweka mikono yote miwili mezani, akaiangalia kama vyombo vya mtu mwingine. "Nyonga ilikwenda, nikasema mikono ipo. Kumbe na mikono imekwenda. Mpigie mwalimu. Mwambie asije."

"Baba watoto, labda..."

"Mpigie wewe. Mimi sitaki aisikie sauti yangu."

Hakumpigia. Lakini siku iliyofuata aliporudi kazini alikuta meza tupu, imepanguswa, jiliwa limefunguliwa, na zana zote ndani ya gunia mlangoni. Vijana wa gereji wangekuja kulichukua Alhamisi. Milimita alikuwa kitandani na viatu vyake vya kazi, ambavyo havijakanyaga chini kwa mwaka, vilikuwa juu ya gunia.

"Sasa utakula mezani kama watu," akamwambia mkewe, na kugeukia ukuta.

Jumanne jioni Bi Pasi alikaa kwenye kona yake, lakini zile dakika hazikukaa naye. Kichwa aliegemeza, ukuta ulikuwa uleule, ila kila alipofumba macho aliliona lile vumbi la alumini lililopanguswa na ile meza safi. Alikuwa akiililia meza ile mwaka mzima. Sasa ilikuwa imerudi na hakuitaka.

Msusi akashuka na ndoo ya takataka. Kwa kawaida alipita kimya. Safari hii alisimama akishika kiuno.

"Ngazi hizi za chini zitanizika," akasema. "Za juu hazina neno. Hizi zinaua magoti. Kila mtu anajua."

"Kila mtu?"

"Kila mwenye magoti." Msusi akamtazama kidogo. "Isipokuwa asiyeshuka."

Akaenda na ndoo yake. Bi Pasi akabaki na aibu iliyomchoma hadi masikioni. Njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa na vidato kumi na vinane tu, na jengo zima lilikuwa linaipanda na kuishuka kila siku. Mtu mmoja tu hakuijua, na huyo alikuwa amelala akiilaumu mikono yake.

Alifikiri: nikimwambia, atalitengeneza. Likitengenezwa, litapita hapa. Akakaa bado kidogo, akipaangalia mahali pale, kidirisha, wavu, alama ya kichwa chake ukutani. Kisha akavaa viatu, akapiga moyo konde, akapanda.

"Vidato vya chini ni ishirini na mbili," akasema kabla hata ya kuweka mkoba.

Kitanda kikalia. Milimita aligeuka polepole.

"Vingapi?"

"Kumi na vinane. Kuanzia kwa Msusi mpaka chini. Niliandika kumi na saba."

Akasubiri matusi. Aliyatamani, kusema kweli, yangemrahisishia. Lakini mumewe alikuwa anahesabu, midomo ikicheza, na uso wake ulikuwa unafunguka.

"Ishirini na mbili," akanong'ona. "Basi lilikuwa na haki ya kupinduka! Kwa ishirini na mbili, lisingepinduka ningelishangaa mimi!" Akainua mikono yake, akaigeuza kiganja na mgongo. "Si mikono. Mama watoto, si mikono. Nipe penseli. Nipe lile gunia."

Bi Pasi akamburutia gunia. Alikuwa amekwisha fungua kinywa aseme yaliyobaki.

"Ulikosea vipi?" akauliza Milimita, kichwa kiko ndani ya gunia akitafuta rula. Hakuwa na hasira hata chembe. Alikuwa na furaha tu, na ndiyo iliyomfunga mkewe mdomo. Utamwambiaje mtu asiyeweza kutoka kwamba wewe unakaa kwenye ngazi ili usiingie?

"Nilichoka," akasema. "Nikaandika kama vya juu."

"Pole, mke wangu. Kosa langu. Nilikutuma siku yako ya kupumzika." Akampapasa mkono bila kumtazama, maana ameshaipata rula. "Shika tochi."

Samahani ile ilimwuma kuliko kofi. Akashika tochi.

Milimita alirefusha chesisi sentimita kumi, akaisogeza bawaba mbele, akashusha betri chini ya tumbo, na safari hii gari likaweza hata kupanda. Jumamosi mwalimu alikuja, mtu mfupi mwenye kalamu tatu mfukoni. Alisimama getini pamoja na Bi Pasi, na gari likatokea mlangoni, likavuka kizingiti na kutoka kwenye jua. Likageuka kushoto, likageuka kulia. Kisha Milimita akasema, "Ule mti waliukata?" sauti ikamkatika, na wote wawili pale getini walijua analia. Mwalimu akajifanya anakagua boliti. Kazi akampa palepale.

Jumatatu Bi Pasi alirudi miguu inawaka moto. Kulikuwa na mashuka ya wodi mbili na mashine moja mbovu. Alisukuma geti akiifikiria kona yake, kwa kuwa mwalimu hatakuja leo, na mume ana chesisi kumi na mbili za kuanza.

Gari lilikuwa limesimama chini ya ngazi. Pua yake ikainuka.

"Karibu, mama watoto!" ikasema sauti ya Milimita. "Nimekuja kukupokea. Mwaka mzima unapanda peke yako na foleni zako, nikasema haiwezekani. Kuanzia leo kila jioni nitakuwa hapa."

"Kila jioni?"

"Kila jioni. Saa unayotoka kazini naijua. Tangulia, nakufuata."

Bi Pasi akapanda. Nyuma yake bawaba ilikuwa inalia, matairi yakishika, kidato baada ya kidato, ishirini na mbili kila kimoja, bila kukosea. Kwenye kona miguu yake ikasimama yenyewe, kwa mazoea. Gari nalo likasimama. Likajigeuza taratibu mpaka jicho la simu likamwelekea uso kwa uso.

"Umechoka?" Sauti ilikuwa ya upole mno. Hajawahi kumsikia hivyo tangu aumie. "Kaa, mke wangu. Kaa upumzike, hapo ni pazuri, pana hewa. Mimi sina haraka. Nakuona."

Akakaa. Nywele zilikuwa zimemtimka, akazirudisha chini ya kitambaa. Akanyoosha gauni. Akatabasamu, kwa sababu alikuwa anaonekana, na tabasamu likaanza kumwuma mashavu.

"Unawaza nini?" akauliza Milimita.

"Hakuna," akasema, akisimama. "Twende nyumbani."